Pacha wa Mtukufu Rais

Nchi hii si yenu, kwa hiyo tulieni. Iko mbali, nyuma ya milima ambayo ramani haiioneshi, na viongozi wake hawafanani na mtu yeyote mnayemjua. Kitu kimoja tu kinawaunganisha watu wake na sisi: wanapenda mno filamu za Kihindi.

Walizipenda hata Serikali ikaingiwa na wivu. Likaundwa Shirika la Filamu la Taifa, litengeneze filamu za wananchi wenyewe zenye hadithi za wananchi wenyewe, na mwandishi wake mkuu akawa mama mmoja mnene, mcheshi, aitwaye Bi Tatu Kingwaba. Kazi ya Bi Tatu haikuwa na jasho. Asubuhi alijimiminia chai ya tangawizi, akatia filamu ya Kihindi kwenye mashine, akaitazama mpaka mwisho, akalia panapoliliwa, kisha akachukua kalamu na kuiandika yote upya. Vijay akawa Vuai. Ramesh akawa Ramadhani. Himalaya ikawa kile kilima cha nyuma ya soko. Inspekta wa polisi hakumgusa, kwa kuwa mainspekta ni walewale dunia nzima.

Neno "kuiga" lilikuwa limepigwa marufuku. Neno rasmi lilikuwa "kuhamasika," na Waziri wa Utamaduni na Ubunifu wa Asili, Mheshimiwa Zongo, alilieleza bungeni kwa ufasaha wake wa kawaida.

"Mwizi huchukua kitu gizani, mwenyewe amelala," alisema. "Sisi tunachukua mchana kweupe, na mwenyewe yuko Bombay. Huo si wizi, waheshimiwa. Huo ni uhusiano wa kimataifa."

Wakampigia meza mpaka glasi zikaanguka.

Watazamaji nao hawakulalamika. Mtu akiingia sinema alitaka kujua mapema atalia wapi, ili leso iwe tayari. Bi Tatu mwenyewe alilala usingizi mzuri kila siku. Kuna watu waliozaliwa kutunga na kuna waliozaliwa kutazama, na yeye alishukuru kwamba macho yake yalikuwa mazima.

Mambo yalianza kuharibika pale Mtukufu Rais alipokaribia kutimiza miaka sabini. Waziri Zongo alimwita Bi Tatu ofisini, akafunga mlango kwa komeo.

"Tunataka filamu ya maisha ya Mtukufu."

"Maisha yake yakoje, Mheshimiwa?"

Waziri akatazama mlango, kisha dirisha. "Alikuwa karani wa ghala la pamba," akanong'ona. "Akihesabu magunia. Halafu Rais wa zamani akaenda ng'ambo kutibiwa jino, na huku nyuma mtu aliyekuwa amesimama karibu na kiti alikuwa yeye."

"Basi?"

"Basi."

"Hakuna wimbo?"

"Hakuna hata mvua."

Bi Tatu akarudi nyumbani na kichwa kinamuuma. Lakini rafu yake ya filamu ilikuwa haijapata kumwangusha. Akatoa filamu moja ya zamani, ya aina mnayoijua: mama maskini anakwenda gulioni na wanawe pacha, dhoruba inavuma, mkono mmoja unaponyoka, na mapacha wanapoteana, kila mmoja na nusu ya kidani shingoni. Mama analia mpaka anapofuka macho. Mmoja anakua kuwa askari mwadilifu, mwingine mwizi mwenye moyo mzuri. Mwishoni wanatambuana kwa wimbo wa mama yao, lakini adui anafyatua bunduki, na yule mwizi anajitupa mbele ya risasi na kufa mikononi mwa nduguye, taratibu sana, akiimba.

Bi Tatu akamgeuza askari kuwa Rais, na mwizi akamwacha alivyo. Kwa haraka aliyokuwa nayo akasahau kuondoa theluji ya kwenye wimbo wa mapenzi. Nchi ile ilikuwa haijawahi kuona barafu isipokuwa ndani ya soda, lakini muswada ulikwisha pigwa muhuri, na kilichopigwa muhuri hakirudi. Mavuno yote ya pamba ya mwaka ule yakamwagwa juu ya kilima cha nyuma ya soko, na mwigizaji wa Rais akabingirika humo na mchumba wake, wote wawili wakipiga chafya katikati ya mapenzi.

Siku ya uzinduzi Mtukufu Rais alikaa kiti cha mbele pamoja na mama yake mzazi, Bi Mwanamize, kikongwe mkavu aliyekuwa bado akimtuma mwanawe ndani kumletea tumbaku mbele ya mabalozi. Filamu ilipofika kwenye gulio na dhoruba, Rais akaanza kutikisika mabega. Ilipokwisha, akapanda jukwaani macho yamevimba.

"Wananchi!" akasema. "Maisha yangu yote nimehisi kwamba nusu yangu haipo. Nilidhani ni njaa. Kumbe nilikuwa na ndugu!"

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Bi Mwanamize akainua fimbo.

"We mwana," akasema, "nilizaa mmoja. Nilikuwepo siku hiyo."

"Uchungu wa mama huo," Waziri Zongo akaueleza umma. "Umemsahaulisha."

Na kwa kuwa mama wa kwenye filamu alikuwa kipofu, ikaletwa miwani nyeusi.

"Mimi naona vizuri," Bi Mwanamize akalalamika.

"Ndiyo maana tunakuvalisha, Bi Mkubwa," Waziri akajibu.

Bi Tatu alikuwa amekaa nyuma. Alitaka kusimama aseme kwamba ile ni hadithi tu, tena si hadithi yake. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba Rais amelia bure, na aliyemliza Rais bure alikuwa na kifungu chake cha sheria. Akapiga makofi kama wengine. Juma lililofuata Bunge likapitisha filamu ile kuwa Historia Rasmi ya Taifa, na wanafunzi wakaanza kuchapwa kwa kutojua kidani kilikatika upande gani.

Ukaanza msako wa pacha. Sonara wote wa mji mkuu wakaacha kuuza vidani vizima. Nje ya Ikulu ukajipanga mstari uliozunguka bustani na kupotelea mjini: warefu, wafupi, kijana wa miaka ishirini na miwili, na mwanamke mmoja mwenye sauti nzito aliyeomba masuala mengine yaangaliwe baadaye. Wote walikuwa na nusu ya kidani. Wote waliimba wimbo wa mama, kwa kuwa wote walikuwa wameiona filamu. Rais aliwasikiliza mmoja mmoja, na kila aliyeondoka alimwacha mnyonge zaidi.

Katika mstari ule alikuwamo Mbwana Kiluwa, mshona magodoro. Tangu pamba yote igeuzwe theluji alikuwa hana kazi, na asubuhi ile alitoka kutafuta sukari. Akaona watu wamejipanga. Katika nchi ile mtu haulizi mstari unakwenda wapi. Anaingia kwanza, kuuliza ni baadaye. Alipofika mezani akanyoosha kikapu chake.

"Imba wimbo wa mama yako," akaamriwa.

Mbwana akafikiri huo ndio utaratibu mpya wa sukari. "Mama yangu hakuwa na wimbo," akasema. "Alikuwa na mwiko. Alikuwa akinichapa nao, kisha ananipa ukoko wa wali."

Rais akainuka kitini. Midomo ilikuwa ikimcheza. "Ukoko wa wali?"

"Wa chini kabisa, ulioungua."

"Hata wangu!" Rais akapiga ukelele. "Hata wangu!" Akaruka meza, akamkumbatia mshona magodoro mpaka kikapu kikavunjika.

Hivyo ndivyo Mbwana Kiluwa alivyokuwa pacha wa Mtukufu Rais, ingawa alikuwa mfupi kuliko yeye, mweusi zaidi, na amezaliwa nchi jirani. Alijaribu kueleza. Aliambiwa kwamba uchungu umemsahaulisha. Siku ya tatu akaacha kueleza, akaomba sindano na uzi, akaanza kushona upya magodoro ya Ikulu, ambayo alisema yalikuwa aibu kwa dola.

Wa kwanza kumpenda alikuwa Bi Mwanamize, aliyekuwa akilala juu ya godoro lenye bonde tangu uhuru. "Sikumzaa huyu," alimwambia kila mgeni, akichungulia juu ya miwani nyeusi, "lakini ningejua, ningemzaa." Wa pili alikuwa Rais. Jioni walikaa barazani na Mbwana akamsimulia mji ulivyo: sukari haipo, pamba haipo, na mashairi ya kumsifu ni mengi mno. Hakuna aliyewahi kumwambia Rais neno la namna hiyo. Alisikiliza mdomo wazi, kama mtoto aliyepelekwa sarakasi. Asubuhi moja akamuuliza Waziri Zongo mbele ya baraza zima, "Hivi sukari iko wapi?"

Waziri Zongo, ambaye alikuwa akijua vizuri sana iko wapi, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Tatu.

"Bi Tatu," akasema kwa upole, "ile Historia ya Taifa inaishaje?"

"Pacha anapigwa risasi anakufa mikononi mwa ndug—" Bi Tatu akajiziba mdomo, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Vizuri. Sikukuu ya Taifa, uwanjani. Wewe ndiye utakayesoma muswada kwenye kipaza sauti, ili tarehe na matukio yasije yakakosewa. Koplo yuko tayari juu ya paa. Ukisema 'risasi,' anafanya kazi yake."

"Mheshimiwa, ile ni filamu!"

"Ni sheria, dada yangu. Unataka nchi iwe na historia isiyo na mwisho?"

"Na Mtukufu anajua?"

"Mtukufu ameanza kufanya mazoezi ya kulia. Hapendi. Lakini ameniambia mwenyewe: imeandikwa."

Imeandikwa! Bi Tatu alikaa juu ya kiti akawaza ni nani aliyeandika, na kwa mara ya kwanza jibu lilikuwa ni yeye.

Akaenda Ikulu kumwonya Mbwana. Alimkuta amekaa sakafuni kwa Bi Mwanamize, mdomoni sindano, na mlinzi kasimama karibu kama nguzo.

"Karibu, dada," Mbwana akasema kwa furaha. "Umesikia? Sikukuu nitasimama na kaka yangu uwanjani. Wamenishonea suti. Wamenichorea na duara la chokaa nisimame ndani yake."

"Usisimame kwenye duara, kaka," Bi Tatu akasema.

Mlinzi akakohoa.

"Lakini wamelichora vizuri," Mbwana akasema.

Bi Tatu akarudi nyumbani akafunga milango. Angeandika mwisho mwingine, aupeleke kwa Rais, apone mtu. Kazi gani hiyo? Akaandika: pacha anapanda treni na kuondoka. Akausoma, akaitambua filamu ilikotoka. Akaufuta. Akaandika: pacha anapoteza kumbukumbu. Hiyo alikuwa ameiandika mara nyingi zaidi ya jina lake. Akaandika: pacha anakuwa nyoka. Akalia. Kila mlango aliofungua kichwani mwake, nyuma yake alikuta mtu anacheza ngoma kwenye mvua.

Wakati huohuo akatua uwanja wa ndege mzee mmoja nadhifu, amevaa suti nyeupe na pete kila kidole. Alikuwa Bwana Makhija, mtengeneza filamu wa Bombay, na alikuja kushtaki. Filamu ya mapacha ilikuwa yake. Waziri Zongo alimpokea kwa biriani, na Bi Tatu akaitwa kama shahidi.

"Mmeniibia!" Bwana Makhija akasema, akimung'unya paja la kuku. "Dhoruba yangu! Kidani changu! Hata theluji!"

"Tumehamasika," Waziri akasema. "Na wewe, Bwana Makhija, hadithi hii uliitoa wapi?"

Mgeni akaacha kutafuna. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ilinijia," akasema.

"Ilikujia kutoka wapi?"

"Kutoka ng'ambo," mzee akakiri kwa sauti ndogo. "Ilikuwa filamu nzuri sana. Lakini nilibadilisha mengi. Kule mapacha walikuwa farasi."

Waziri akaweka kijiko chini.

"Unataka kuniambia," akasema polepole, "kwamba Historia ya Taifa hili, na Mtukufu Rais aliyemo ndani yake..."

"Farasi wa kahawia," Bwana Makhija akasema. "Mwenye alama nyeupe usoni."

Mashtaka yakafutwa papo hapo, kwa faida ya pande zote, na Bwana Makhija akafanywa mgeni rasmi wa Sikukuu. Walipobaki wawili, Bi Tatu akamsogelea.

"Baba," akasema, "nisaidie. Nahitaji mwisho mwingine. Mtu anakufa kweli."

Mzee akamtazama kwa huruma kubwa. "Binti yangu, mimi nimetengeneza filamu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijatunga hata jina la mbwa. Ukiupata huo mwisho, unigawie na mimi."

Sikukuu ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya milingoti. Bwana Makhija aliketi jukwaa kuu na leso mkononi. Katikati ya nyasi Mtukufu Rais na Mbwana Kiluwa walisimama wameshikana mikono, Mbwana katikati ya duara la chokaa, akiwapungia mkono watu wa mtaani kwake. Bi Mwanamize aliketishwa karibu nao, na miwani yake. Juu ya paa kulikuwa na kofia ya koplo.

Bi Tatu akasimama mbele ya kipaza sauti, hatua chache kutoka kwenye duara, muswada mkononi. Alisoma gulio, na watu wakaguna. Alisoma dhoruba, na watu wakatoa leso. Alisoma kutambuana, na Rais akaanza kulia, na safari hii kilio chake hakikuwa cha mazoezi, kwa sababu alikuwa ameushika mkono wa Mbwana kwa nguvu mno. Bi Tatu akafunua ukurasa wa mwisho. *Ndipo risasi,* ukurasa ulisema.

"Ndipo," Bi Tatu akasoma.

Uwanja ukangoja. Koplo akafumba jicho moja.

"Ndipo," akasoma tena. Alitazama kichwani mwake, na mle ndani, ajabu, mvua ilikuwa imekatika na wacheza ngoma wote wamekwenda zao. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mtu. Akatazama nyasi, akamwona ajuza na fimbo yake.

"Ndipo mama akainuka," akasema.

Bi Mwanamize, aliyekuwa akisinzia, akashtuka. "Mimi?"

"Mama akainuka," Bi Tatu akasema, na sauti yake ikapanda, "akavua miwani, kwa maana hakuwahi kuwa kipofu, akawaambia wanawe neno alilotaka kuwaambia siku zote!"

Kikongwe hakuhitaji kuambiwa mara ya tatu. Akaivua ile miwani akaitupa nyuma ya bega, ikamwangukia balozi. Akauvamia uwanja kwa fimbo, akamshika Mbwana mkono.

"Wewe twende nyumbani," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno lake mpaka sokoni. "Jua hili litakuua. Na godoro umeliacha limepasuliwa tumbo." Kisha akamgeukia Rais. "Na wewe, unamshika mgeni wa watu unalia badala ya kumpa chakula. Nilikulea hivyo?"

Wakaondoka wawili wale, taratibu, wakikatiza kwenye nyasi, wakatoka nje ya duara. Rais akabaki peke yake mbele ya taifa lake, mikono mitupu, nishani zote kifuani. Akatazama jukwaa kuu. Akatazama mgongo wa mama yake. Halafu akakunja suruali akatimua mbio.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama, na mimi!"

Uwanja mzima ukasimama. Watu walicheka huku wakilia, hata walioandaa leso wakagundua kwamba walikuwa wameziandaa kwa mahali pasipo penyewe. Kule juu ya paa koplo alikuwa bado anangoja neno lake. Naye alikuwa analia, na alikuwa haoni shabaha wala paa.

Waziri Zongo akamfikia Bi Tatu akiwa mwekundu kama pilipili. Baraza zima likamzunguka.

"Mwisho huu," akasema kwa meno, "umetoka filamu gani?"

Bi Tatu akaelewa kwamba sasa ndipo hatari ilipo. Kusema amebuni mwenyewe ilikuwa kuungama kwamba amebadilisha historia ya nchi kwa kichwa chake, kichwa cha mtumishi wa daraja la nne.

"Ya Kihindi, Mheshimiwa," akasema. "Ya zamani. Nyeusi na nyeupe."

"Siikumbuki."

"Muulizeni mgeni."

Macho yote yakamgeukia Bwana Makhija. Mzee alikuwa amesimama tangu kikongwe alipovua miwani, na leso yake ilikuwa majimaji. Alimtazama Bi Tatu. Alikuwa amezitazama filamu zote duniani, na alijua.

"Naam," akasema. "Naikumbuka sana. Kazi ya bingwa. Nililia wiki nzima."

Waziri akashusha pumzi. "Basi ni halali," akasema, na baraza likapiga makofi. Mwisho ule ukapigwa muhuri. Jioni Rais alikuwa jikoni kwa mama yake, anakula ukoko, na kabla hajanawa mikono alimwandikia Zongo barua ya kumpongeza kwa uteuzi wake mpya: Mkuu wa Ghala la Sukari, mlango ukiwa wazi na mstari wa wananchi ukiwa nje.

Mwaka uliofuata ikaja filamu mpya kutoka Bombay, ya Bwana Makhija. Ilikuwa na mapacha, na uwanja, na ajuza mwenye fimbo anayevua miwani. Nchi nzima ikaenda kuitazama mara tatu tatu. Magazeti yakaandika: tazameni wenzetu wanavyobuni! Waziri mpya wa Utamaduni akamwita Bi Tatu mbio mbio.

"Umeona kichwa hicho?" akasema. "Kwa nini sisi hatuna mtu kama huyo?"

"Sijui, Mheshimiwa. Labda hatujamtafuta vizuri."

"Hamasika haraka. Na usiiharibu kwa kujitia kutunga."

Bi Tatu akaketi na chai yake ya tangawizi, akaitazama mpaka mwisho, akalia panapoliliwa. Mle ndani aliona Bwana Makhija amekosea mambo mawili matatu, akayasahihisha kimyakimya, akarudisha pale pasipo na kitu, kabla mama hajainuka, ule ukimya ambao mzee aliujaza kwa ngoma.

Filamu ilipotoka, mhakiki wa gazeti la Serikali aliandika kwamba nakala ya Bi Tatu Kingwaba ni ya kuridhisha, ila kwenye mwisho, ambapo inaonekana wazi kwamba mwandishi hakuelewa hata kidogo alichokusudia mtunzi. Bi Tatu alimsomea Mbwana na Bi Mwanamize maneno hayo kwa sauti, akashindwa kuyamaliza kwa kicheko, ikabidi wamshike asianguke barazani.